Ndege Imetua, Ndege Ametua: Toleo la Kwanza la The Transformers (1984)

Katika Kiswahili neno ndege lina maana mbili ambazo hazitofautishwi na umbo lake hata kidogo. Asemaye "ndege imetua" ametaja chombo. Asemaye "ndege ametua" ametaja kiumbe chenye uhai. Ndivyo ilivyo pia kwa kifaru: amefika akiwa mnyama wa porini, kimefika kikiwa gari la vita lenye deraya. Wanasarufi wamekwisha kulieleza jambo hili chini ya kichwa cha upatanisho wa kisarufi, na kwa kawaida huliacha hapo hapo. Ni nadra kuona hadithi nzima iliyojengwa juu ya tofauti hiyo, tena hadithi iliyotungwa katika lugha ambayo haina ngeli. Hadithi ya namna hiyo ilitokea Marekani katika toleo la kwanza la jarida la katuni la watoto liitwalo The Transformers, lililotolewa na kampuni ya Marvel ya New York na kubandikwa tarehe ya Septemba 1984. Ni hadithi ya roboti wanaopigana vita.

Yafaa kukiri tangu mwanzo kwamba jarida hili halikuzaliwa na haja ya kusimulia. Lilizaliwa na haja ya kuuza. Mwaka 1983 kampuni ya vichezeo ya Hasbro, iliyokuwa na makao yake Pawtucket katika jimbo la Rhode Island, ilipata kibali cha kuuza Marekani vichezeo vilivyokuwa vimebuniwa Ujapani na kampuni ya Takara. Vichezeo hivyo vilitoka katika mafungu mawili. La kwanza, Diaclone, lilianzishwa mwaka 1980, nalo lilikuwa na magari na ndege zilizoweza kukunjuliwa zikawa roboti. La pili, Micro Change, lilitoka mwaka 1983 likiwa tawi la fungu la zamani zaidi lililoitwa Microman, na vitu vyake vilifanana na vyombo vya nyumbani kwa ukubwa wake halisi: bastola, redio ya kaseti, kaseti zenyewe. Katika Diaclone roboti haikuwa na uhai wowote. Iliendeshwa. Ndani yake alikaa rubani mdogo wa plastiki, naye ndiye aliyekuwa mtu. Roboti ilikuwa mtambo wake, kama vile trekta lilivyo mtambo wa mkulima. Hasbro waliwaondoa marubani hao. Viti vyao vikabaki vitupu ndani ya magari, na yeyote aliyewahi kufungua mlango wa gari mojawapo aliviona.

Basi viti vitupu vilihitaji maelezo. Ikiwa hakuna aliyekaa ndani, ni nani anayeliendesha gari? Jibu lililotolewa na Marvel ndilo lililoifanya kazi hii iwe na maana kwa mchambuzi: gari linajiendesha lenyewe kwa sababu gari ni mtu. Kwa maneno ya sarufi, roboti aliondolewa katika I-ZI akatiwa katika A-WA. Ndiyo maana katika makala haya roboti ya Diaclone "iliendeshwa", na roboti wa Marvel "anasema". Mwandishi wa Kiingereza angeweza kulikwepa suala hili kwa kurudia jina la mhusika badala ya kiwakilishi. Mwandishi wa Kiswahili hawezi kulikwepa hata kwa kitenzi kimoja.

Kabla ya kuingia katika hadithi yenyewe, hapana budi kueleza kwa nini kampuni ya vichezeo ilihitaji jarida. Mwaka 1969 kipindi cha katuni cha televisheni kilichoitwa Hot Wheels, kilichobeba jina la magari ya kuchezea yaliyokuwa yakiuzwa wakati huo huo, kilishitakiwa na kampuni shindani mbele ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani kuwa ni tangazo la biashara lililovalishwa joho la hadithi. Tume ilikubaliana na lalamiko hilo kwa kiasi cha kutosha kuwatia wengine hofu. Kwa zaidi ya miaka 10 hapakuwa na njia nyepesi ya kugeuza kichezeo kuwa kipindi. Aidha, matangazo ya vichezeo yalibanwa: sehemu iliyochorwa kwa katuni ilipaswa kuwa fupi, ili mtoto asidhani kwamba kichezeo kinaruka au kupigana chenyewe. Lakini jarida la katuni halikuwa kichezeo. Lilikuwa chapisho, na tangazo la chapisho liliweza kuwa la katuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Hasbro na Marvel waligundua mwanya huo mwaka 1982, walipoanzisha jarida la G.I. Joe kwa maandishi ya Larry Hama. Matangazo ya jarida yalionyesha vita vyote ambavyo tangazo la kichezeo lisingeruhusiwa kuvionyesha. Wakati wa uenyekiti wa Mark Fowler, aliyeshika uongozi wa Tume mwaka 1981, masharti yalilegezwa, na mwaka 1984 mlango ulikuwa wazi. Kipindi cha televisheni cha The Transformers kilianza kuonyeshwa tarehe 17 Septemba 1984. Jarida lilikuwa limekwisha kutangulia madukani.

Kazi ya kuwapa vichezeo hivyo nasaba ilipitia mikono mingi, na hapa ndipo dhana ya "mtunzi" inapoanza kuyumba. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel, aliandika muhtasari wa awali wa visa. Dennis O'Neil alipewa kazi ya kutafuta majina, naye ndiye aliyetoa jina la kiongozi wa roboti wema, Optimus Prime. Hasbro hawakuridhika na mengine, na kazi ikahamishiwa kwa mhariri Bob Budiansky, aliyewabatiza wengi wa waliobaki na kumwandikia kila mmoja tabia yake, kwa haraka mno, mwishoni mwa mwaka 1983. Kisha Bill Mantlo akapanga visa vya toleo la kwanza, Frank Springer akachora kwa penseli, Kim DeMulder akatia wino, Nel Yomtov akatia rangi, na Ralph Macchio akaandika maneno ya wahusika. Bill Sienkiewicz alichora jalada. Katika desturi ya Marvel maneno hutiwa baada ya picha kuchorwa. Mwenye maneno hupokea nyuso ambazo hakuziwazia na kuzitafutia la kusema. Mantlo hakuwa mgeni katika kazi ya namna hii. Tangu mwaka 1979 alikuwa akiandika jarida la Micronauts, lililotokana na vichezeo vya Microman vya Takara hao hao. Hivyo mtu yule yule alitakiwa mara mbili kuvipulizia roho vidude vya kiwanda kimoja cha Ujapani, na mara zote mbili majina ya wabunifu wa Kijapani hayakuonekana penye orodha ya waliofanya kazi.

Majina yastahili kuangaliwa kidogo. Optimus ni Kilatini cha "aliye bora kabisa", na Prime yatokana na neno la Kilatini la "wa kwanza". Kiongozi huyu anaitwa, kwa kweli, Bora wa Kwanza, jina ambalo mshairi wa sifa wa kasri yoyote angelikubali. Vichezeo hivyo viliporudi Ujapani mwaka 1985 vikiwa na nasaba mpya, yeye huyo aliitwa Convoy, yaani msafara wa malori, na utukufu wote ukatoweka. Adui yake ni Megatron. Budiansky alisimulia baadaye kwamba Hasbro walilikataa jina hilo kwanza kwa kuwa lilitisha, likikumbusha mabomu ya nyuklia, naye akawajibu kwamba mkuu wa waovu sharti atishe. Walikubali. Kundi la Megatron linaitwa Decepticons, jina lililoundwa kutokana na neno la udanganyifu, na hapa mchambuzi wa majina atasita: ni taifa gani linalojiita Wadanganyifu? Majina ya namna hii hutolewa na majirani au na maadui, wala hayachaguliwi na wenyewe. Toleo la kwanza halisemi lolote kuhusu jambo hilo. Linamtaka msomaji mdogo ajue upande wa haki kwa kusikia jina tu, kama vile katika ngano nyingi fisi hahitaji kutambulishwa.

Hadithi yenyewe yaanzia katika sayari ya Cybertron, iliyo ya chuma tupu. Msimulizi anadokeza kwamba uhai huko ulichipuka kutokana na gia, nyenzo na kapi zilizokuwepo kwa asili, zikagusana na kusukumana kwa muda mrefu hadi zikapata nafsi. Ni dhana ya ajabu, na yaelekea ndiyo iliyo bora zaidi katika kurasa za mwanzo, kwa maana inakataa kwamba mashine sharti iwe na muundaji. Neno roboti lenyewe lina historia iliyo kinyume kabisa. Liliingia katika lugha za dunia kupitia tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, iitwayo R.U.R., likitokana na neno la Kicheki la kazi ya shokoa. Roboti wa Čapek aliumbwa ili atumikishwe. Wa Cybertron hawakuumbwa na mtu yeyote ajulikanaye, wala hawamtumikii yeyote. Wana vita vyao wenyewe, na vita hivyo ni vikali kiasi cha kuing'oa sayari katika njia yake na kuitupa angani ikielea bila jua. Sayari inapokaribia kugongana na miamba ya angani, Optimus Prime na wenzake, yaani Autobots, wanapanda chombo kiitwacho Safina ili kuisafisha njia. Megatron anawavamia humo. Optimus Prime anachagua kukiangusha chombo pamoja na wote waliomo, rafiki na adui, na chombo kinajipigiza katika mlima wa dunia miaka milioni 4 iliyopita.

Mwaka 1984 mlima huo, uitwao St. Hilary katika jimbo la Oregon, unalipuka. Msomaji wa Kimarekani wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa: mlima St. Helens, katika jimbo jirani la Washington, ulikuwa umelipuka kweli mwaka 1980. Mshindo unaiamsha kompyuta ya Safina. Kompyuta inatuma chombo cha upelelezi kuchunguza ni viumbe gani wanaoishi katika dunia hii, ili iwafufue majeruhi wake kwa sura za wenyeji wasije wakatambulikana. Chombo kinapita juu ya barabara, viwanja vya ndege na miji. Kinarudi na taarifa kwamba wenyeji ni magari, malori na ndege.

Kosa hili ndilo kiini cha toleo zima. Kompyuta haikuwaona watu. Au iliwaona na kuwahesabu kuwa kitu kidogo kisicho na maana, kama mdudu aliyeganda kwenye kioo. Kwa jicho lake, chenye kwenda, chenye kunguruma na chenye kunywa mafuta ndicho chenye uhai. Kosa linaendelea hata baada ya roboti kufufuka. Autobots wachache wanatumwa kupeleleza, nao wanafika kwenye sinema ya magari, mfano wa ile ya Belle-Vue iliyojulikana sana Nairobi, ambako watazamaji hukaa ndani ya magari yao usiku mbele ya kitambaa kikubwa cheupe. Mahali hapa pamechaguliwa vizuri mno. Kwa mgeni atokaye Cybertron, huu ni mkutano wa hadhara wa wenyeji: magari yamejipanga safu kwa safu, kimya, yakimsikiliza mzee wao. Autobots wanajaribu kuzungumza na magari, na magari hayajibu.

Mfasiri ambaye angeichukua hadithi hii na kuitia katika Kiswahili angekutana na shida hapa, na pia na bahati. Katika jicho la Autobots magari yale ni watu: "wamejipanga, wamenyamaza, hawajibu". Katika jicho la watoto waliomo sinemani ni vyombo: "yamejipanga, yamenyamaza, hayajibu". Kiingereza kinaeleza tofauti hiyo kwa sentensi nzima za ufafanuzi. Kiswahili kingeieleza kwa kiambishi kimoja, na msomaji angejua papo hapo ni macho ya nani anayotazama nayo. Vivyo hivyo kwa Optimus Prime mwenyewe anapojigeuza: lori lilisimama, likajikunjua, akasema. Ngeli inabadilika katikati ya sentensi, na badiliko hilo la ngeli ndilo badiliko lenyewe la mhusika. Kuhusu Laserbeak, kaseti inayogeuka ndege mwenye mbawa, na Starscream, roboti anayegeuka ndege ya kivita, mfasiri angeweza kuwakutanisha angani, ndege ametua na ndege imetua, na neno lisibadilike hata herufi. Lugha chache zingempa mchezo wa bei rahisi namna hiyo.

Si kurasa zote zilizo na nguvu hii. Roboti wanapozinduka ndani ya Safina, simulizi inasimama kabisa. Wahusika zaidi ya 20 wanajitokeza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaja jina na kazi yake, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili. Hawa ni askari waliopigana pamoja kwa miaka isiyohesabika. Hakuna sababu yoyote ya ndani ya hadithi inayowalazimu kujitambulisha wao kwa wao. Sababu iko nje, kwenye rafu ya duka. Mtu aliyezoea majigambo ya maziwa makuu atajaribu kuona humo kivugo, shujaa akisimama kati ya uwanja na kujinaki mbele ya mtawala wake, na mfano huo unavutia. Lakini hauwezi kushikiliwa kwa muda mrefu. Mwenye kujigamba husimulia aliyoyatenda. Hawa hawana la kusimulia ila walivyo, na walivyo ndivyo ilivyoandikwa juu ya boksi. Ni orodha ya bidhaa, wala hakuna haja ya kuipamba.

Hata hivyo asili ya kibiashara haikuzaa udhaifu peke yake. Megatron hugeuka bastola kwa sababu tu alitoka katika Micro Change, ambamo vitu vilikuwa vya ukubwa wa mkono wa mtu, ilhali Optimus Prime na wengi wa wafuasi wake ni magari yaliyopunguzwa kuwa madogo. Hakuna aliyepanga jambo hilo liwe na maana. Lakini matokeo ni kwamba mkuu wa waovu, mwenye nguvu kuliko wote, hawezi kufyatua risasi akiwa katika umbo lake la vita mpaka ashikwe na mkono wa mwingine. Tashtiti ya namna hii mtunzi mwenye kipaji angejivunia. Hapa ilitokana na kuchanganywa kwa maboksi ya mafungu mawili.

Sehemu iliyo na uzito wa kifasihi pasipo shaka ni ya mwisho, nayo ni ndogo na ya kawaida kabisa. Kuna fundi wa magari aitwaye Sparkplug Witwicky, jina la utani lililotokana na plagi, na mwanawe Buster. Baba anatamani kijana airithi gereji. Kijana apenda vitabu. Buster yumo sinemani Decepticons wanaposhambulia. Katika vurugu anaokoka na gari dogo la manjano lililojeruhiwa, Bumblebee, na kulipeleka gereji kwa baba yake kama mtu yeyote apelekavyo gari bovu. Humo gerejini gari linasema. Linaomba msaada.

Katika ukurasa huo taarifa mbili potovu zinakutana na kusahihishana. Roboti walidhani kwamba magari ni watu. Kijana alidhani kwamba gari ni chombo. Kila upande ulikuwa na sarufi yake, na kila upande ulikosea kwa mwenziwe mmoja. Tena aliyepewa kazi ya kusikia ni yule kijana asiyetaka ufundi. Fundi huyajua magari kwa mkono na kwa sikio, naye amekaa nayo maisha yake yote bila kutarajia yamwambie neno. Huenda huyu wa vitabu, ambaye hajazoea kuliita gari "hili", ndiye aliyekuwa na nafasi akilini ya kuliita "huyu". Jarida halisemi hivyo waziwazi. Picha za Springer, ambazo mahali pengi zinasukasuka kwa sababu roboti walikuwa wengi na vielelezo vilikuwa vya plastiki, hapa zinatulia.

Suala la iwapo kazi kama hii yaweza kuitwa fasihi haliwezi kuamuliwa kwa kutazama mkataba wake tu. Ni kweli kwamba hakuna hata mmoja wa waliotajwa hapo juu aliyemiliki alichokitunga. Hakimiliki ilikuwa ya Hasbro, na sheria ya Marekani ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika mwaka 1978, iliihesabu kazi ya kuajiriwa kuwa mali ya mwajiri tangu siku ya kuandikwa kwake. Baada ya Mantlo wengine walishika kalamu. Ubaya wa mpango huo ulikuwa mkubwa kwa wasanii, wa Marekani na wa Ujapani pia, wala hautakiwi kufunikwa na uzuri wa ukurasa mmoja. Lakini ni kosa la mantiki kudhani kwamba kwa kuwa mwenye mali hakutaka hadithi, basi hadithi haikupatikana. Hasbro walilipia orodha. Katika kuandika orodha, watu wachache wa ofisi moja ya New York walilazimika kujibu swali la viti vitupu, nao wakalijibu kwa uzito kuliko walivyodaiwa.

Nchini Uingereza toleo lilitoka kwa tarehe ya 20 Septemba 1984, likiwa la kila wiki mbili, na kwa kuwa majarida ya huko yalikuwa na kurasa chache za kila hadithi, toleo la kwanza la Marekani lilikatwa katikati. Waingereza walipungukiwa upesi na habari za kuchapisha, wakaanza kutunga zao wenyewe, na miongoni mwa waliozitunga alikuwa Simon Furman, ambaye baadaye aliitwa kuandika jarida la Marekani pia. Jarida la Uingereza lilifikia toleo la 332 mwezi wa Januari 1992. Lile la Marekani lilikuwa limetangazwa kuwa mfululizo wa matoleo 4 tu, kisha basi. Lilikoma mwezi wa Julai 1991, na jaladani waliandika kwa mzaha kwamba hilo lilikuwa toleo la 80 katika mfululizo wa matoleo manne.